Mkeka Penye Upepo

"Kabla hatujaanza," Heather alisema, "kuna yeyote hapa mwenye undugu na mmoja wetu?"

Anton aliinamia vidole vya miguu yake. Swali hilo lilikuwa la lazima. Wizara yao kule Canberra, inayopanga misaada ya nchi za visiwa, haimruhusu mchumi kutoa ushauri mahali alipo na jamaa. Akigundulika ananyang'anywa kazi papo hapo, na mwenzake anaichukua. Mwenzake ndiye huyu Heather, ambaye tangu wakiwa ndegeni alishakata shauri: kisiwa hiki kina watu wachache mno kugharamiwa meli. Fedha ziende kwenye watu wengi.

Meli yenyewe ilikuwa imetia nanga nje ya mwamba. Ndiyo inayoleta mchele na unga, ndiyo inayobeba mbata, ndiyo inayowapeleka wajawazito hospitali, Tarawa, kisiwa kikuu. Ikifutwa, kisiwa kitahamwa. Mtu mmoja tu amkumbatie Anton, basi, meli imekwenda.

Na hapo ndipo alipozaliwa. Baba yake aliondoka naye kwenda Brisbane akiwa bado mtoto mdogo, mara tu baada ya kumzika mama. Akaoa huko, akachukua jina la huko, akafa bila kurudi. Ofisini walidhani Anton ni mtu wa Fiji, naye hakuwahi kuwasahihisha. Melini njia nzima alimwomba Mungu watu wa kisiwa wasimjue. Alipoona minazi ikichomoza, akajikuta anaomba wamjue.

Nesi alitafsiri swali. Watu waliojaa maneaba, ukumbi wao wa kijiji, wakageuka kuwatazama wageni. Kisha mzee Tiaontin, msemaji wa wazee, akacheka mpaka akapaliwa.

"Undugu na wewe, mama mzungu? Labda tukautafute kwa Adamu!"

Watu wakaangua kicheko.

"Na huyu bwana?" Heather alimwonyesha Anton kwa kalamu.

Bi Teretia, ajuza aliyewapokea pwani, alijikongoja hadi kwa Anton, akamkagua kama anayechagua samaki sokoni. "Huyu? Pua kubwa namna hii tungeisahau vipi?"

Kicheko tena. Anton naye akacheka, kwa adabu tu. Pua hiyo ilikuwa ya baba yake.

Ni Bi Teretia huyo huyo aliyemshika mkono walipoingia. "Wewe kaa hapa, mgeni, hapa kuna upepo," alimwambia, akamkalisha kwenye mkeka chini ya nguzo ya magharibi. Heather walimpeleka upande wa bahari, wakambana katikati ya nesi na mchungaji aliyetoka Tarawa, na haukupita muda wakawa wanapepeana na kuteta kama marafiki wa siku nyingi.

Anton alikaa peke yake. Ukumbi ulifurika, watu wakapakatana, lakini kwenye mkeka wake hakusogea mtu. Kitoto kimoja kilitambaa kumwelekea. Mama yake akakivuta mguu akakirudisha. Anton aliumia. Alijiambia kwamba wanamwogopa, na wana haki, kwa kuwa si kila siku wanatembelewa na mtu mwenye kisu cha bajeti.

Aliuliza alichotumwa kuuliza. "Meli isipokuja tena, mtafanya nini?"

"Tutafanya kama waliotutangulia," mzee Tiaontin alijibu. "Tutaondoka mmoja mmoja. Na watoto wetu wakirudi hawatajua wakae wapi."

Kikaletwa chakula: magimbi, samaki wa kuchoma, madafu. Bi Teretia alimhudumia Anton kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, mgeni. Ongeza, mgeni. Mbona hunywi, mgeni?" Kila alipolitamka neno hilo, Anton alilirudisha tonge kwenye sahani. Alimtazama usoni, akatafuta hata dalili ndogo. Ajuza alikuwa anafukuza nzi.

Jioni ilipokaribia waliingia kwenye mashua ya Kautu, baharia mstaafu aliyekula ujana wake kwenye meli za Kijerumani na kurudi na Kiingereza chake. Heather alijipangusa maji ya chumvi usoni.

"Haya, hapa huna doa," alimwambia Anton. "Kalamu ni yako. Utakaloandika ndilo litakalofika kwa waziri. Ila mimi bado nasema ni ghali."

"Nitaandika meli ibaki," Anton alisema.

Heather akainua mabega. "Andika."

Meli ilikuwa imepona, na Anton hakuona furaha yoyote. Aliwaza nyumba yake ya Canberra, chumba na jiko, sahani moja na kijiko kimoja kwenye karo. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Hawakusema chochote kuhusu mtu ambaye asili yenyewe imemtazama machoni ikamwuliza kama ataongeza samaki. Machozi yalimlenga, akayasingizia mawimbi.

Mashua iligonga ubavu wa meli. Heather akatangulia kupanda ngazi ya kamba. Anton alipotaka kumfuata, Kautu alimshika kifundo cha mkono, akasema kwa sauti ya chini, uso kaugeuzia baharini.

"Sharti lenu la undugu tulisomewa kwenye barua kabla hamjafika. Wageni wetu huwa tunawaweka upande wa bahari, alipokaa yule mama. Pale kwenye upepo ni pa ukoo wenu. Hajakaa mtu tangu baba yako alipokubeba, na kila mkeka ukichakaa shangazi yako Teretia husuka mwingine." Akamwachia mkono. "Haya panda, mgeni. Mwenzako anatuangalia."