Kipozeo Baridi

Kiganja cha dada mtu kilitua juu ya kipozeo kipya cha oili, naye akashtuka: kilikuwa baridi kama mtungi.

Haikuwezekana; oili ya moto ilipaswa kuwa imepita humo. Kaka yake alikuwa ametoka tu kulikimbiza gari hilo la dizeli kwenye uwanja wa mbio, na injini ilikuwa ikitema harufu ya oili iliyoungua. Akavuta mpira uliopaswa kuleta oili kwenye kipozeo. Ulichomoka bila ubishi, mkavu, kinywa chake kimesokomezwa tambara.



“Shemeji,” alimwita mume wa dada yao, fundi aliyekifunga kipozeo hicho na kumwagiwa sifa na ukoo mzima, “hili ni pambo?”

Fundi akacheka, akijipangusa shingo kwa leso. “Funika kombe, shemeji, mwanaharamu apite. Viungio vilikosekana, na kaka yako alikuwa na pupa. Mizunguko miwili mitatu haiui injini.”

“Na ikikwama kwenye kona, atakayekufa ni nani?”

“Mdomo huo! Utatuletea mkosi.”

Nyuma yao kaka mtu alikuwa akivaa tena helmeti, akipiga mluzi.

Dada mtu akafungua mlango wa abiria. Akakifuta kiti taratibu, kama anayemkaribisha mgeni wa heshima.

“Karibu uketi, shemeji. Mzunguke pamoja.”

Fundi akakitazama kiti, akaitazama barabara ya mbio, kisha akarudi nyuma hatua moja.

Mluzi ukakatika.