Shikamoo ya Marehemu

Mzee Lupembe hakuwa na urefu, hakuwa na sauti ya kuimba, hakuwa na nywele, na jina lake halikuchongwa kwenye ukuta wa waliozama na kivuko. Sadiki, mume wa kwanza wa mkewe, alikuwa navyo vyote.

Kila siku ya kumbukumbu, serikali ilizirudisha sauti za marehemu majumbani mwao kupitia redio, tangu alfajiri hadi magharibi. Siku hiyo mkewe, Mwanaidi, alijipaka wanja, akapika maandazi ya iliki, akavuta kiti karibu na redio.

"Umechelewa, wewe," alisema, akacheka kicheko ambacho Lupembe hakukisikia siku nyingine yoyote.

"Foleni huku!" Sadiki alijibu. "Nani huyo anakohoa?"

Mwanaidi alisita. "Ni mzee wa hapa nyumbani."

"Ala! Shikamoo, mzee."

Sadiki alikufa akiwa na miaka thelathini, na hakuzeeka tena.

"Marahaba," Lupembe alijibu.

Sheria ilimruhusu mume aliye hai kuifunga sauti kwa barua, na ikifungwa hairudi. Mwanaidi alipokwenda jikoni, Lupembe aliandika, kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la jioni.

"Mzee," redio ilinong'ona, "mwaka huu tumebaki wachache. Wenzangu wanakwenda wapi?"

"Sijui, kijana wangu."

Akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akatoka mlangoni kumkabidhi tarishi, ambaye mfuko wake ulikuwa umejaa tayari.