Kicheche Atafuta Mfanyakazi

Siku moja, na ilikuwa siku njema mpaka alipofika yeye, Kicheche alibisha hodi kwa kanga akiwa amejipulizia manukato hata nzi wakakohoa.

"Nina kazi ng'ambo ya mto," alimwambia kanga mmoja kijana. "Nyepesi! Kula bure, kulala bure. Kitambulisho nitakutunzia mimi. Ila usimwambie mtu, wana husuda hao."

Kumwambia kanga anyamaze ni kuiambia mvua ishuke kwa zamu. Kufumba na kufumbua, ukoo mzima ulikuwa uwanjani, na kijana keshafunga mzigo.

"Karibu, baba!" alisema Shangazi Kanga, ambaye maswali yake yalikuwa mengi kuliko madoa yake. "Una watoto?"

"Ninaye mmoja, mnono kama kiazi!"

"Vizuri. Hapa kwetu anayechukua mtoto huacha wake. Mlete tukae naye. Kazi nyepesi, kula bure, kitambulisho tutamtunzia sisi."

Nywele zilimsimama Kicheche. "Mwanangu? Kwa watu nisiowajua? Anyang'anywe kitambulisho, nisijue hata anakolala? Nina wazimu mimi?"

Kanga wote wakanyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kijana akatua mzigo wake.

"Rudia hapo, baba," alisema Shangazi. "Wa nyuma hawakusikia."

Kicheche hakurudia. Alikuwa keshatimka, na kanga wakimtangaza kichaka kwa kichaka, mpaka kwale wa bonde la pili wakafunga milango kabla hajafika.