Uwanja wa Tatu

Taa nyekundu ya kukataza kugusa bunduki ilipowaka katika uwanja wa kulenga shabaha, wapigaji wote waliziacha bunduki zao mezani wakarudi nyuma, na wawili wakatembea kwenda kubandika shabaha mpya. Mzee Orville Stidham peke yake aliisogelea meza, akanyoosha mkono wa kushoto, akaishika bunduki yake.

Haikuwa na risasi. Hata pini ya kufyatulia alikuwa ameing'oa nyumbani, akaifungia kabatini. Lakini hayo aliyajua yeye tu.

Msimamizi wa uwanja alimwona. Akaitazama ile kofia ya askari mstaafu, zile mvi, ile tai iliyofungwa barabara, akatabasamu.

"Hamna neno, mzee wangu. Wewe ni mwenzetu."

Mzee akaiweka bunduki chini na kuondoka bila kuaga.

Garini, mjukuu wake Maylene, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa akimalizia mkate wa mahindi.

"Hapa napo hapafai, Babu?"

"Hapafai. Kama pale pa jana."

"Kwani unatafuta uwanja au unatafuta mchumba?"

Mzee hakucheka. Aliendesha gari kwa mkono mmoja. Wa kulia ulikuwa mfukoni, ulikozoea kukaa.

"Kwa nini usinifundishe wewe mwenyewe?"

"Mganga hajigangi."

"Na wewe si mganga."

Mwanzoni mwa juma lile, Maylene alikutwa amesimama juu ya kiti, ameikumbatia bunduki ya kuwindia kindi aliyoiacha baba yake. Mama yake, ambaye tangu mazishi ya mumewe huzungumza na Mzee kwa nadra, alimpigia simu.

"Atafundishwa, na atafundishwa sawasawa," alisema. "Tafuta mahali ambapo yale hayatatokea tena. Wewe ndiye ujuaye la kutafuta. Ikifika Jumamosi hujapata, naitupa mtoni, na asiishike tena bunduki maishani mwake."

Yale yalitokea miaka minane iliyopita. Dell, mwana pekee wa Mzee na baba yake Maylene, alikwenda kubandika shabaha taa ikiwa nyekundu. Huku nyuma mtu akagusa bunduki mezani. Msimamizi aliona, akaona haya kukemea; bunduki ikafyatuka, ikamuua Dell.

Tangu siku hiyo, popote taa nyekundu ilipowaka, hata ya barabarani, Mzee aliuona mgongo wenye shati la buluu ukitembea polepole kuelekea kwenye shabaha. Haukugeuka kamwe.

Ijumaa alasiri wakavuka mto hadi uwanja wa tatu, wa mwisho katika milima ile ya Kentucky. Msimamizi alikuwa mwanamke mfupi aitwaye Bi Pruitt. Taa ikawaka. Shati la buluu likaanza safari yake. Mzee akanyoosha mkono wa kushoto.

"Wewe! Toa mkono! Toa mkono, rudi nyuma!"

Uwanja mzima ukageuka.

"Binti, haina risasi."

"Sijakuuliza! Makaburi yamejaa watu waliouawa na bunduki zisizo na risasi."

"Nilikuwa askari kabla mama yako hajazaliwa."

"Basi huna udhuru. Toka kwenye mstari. Leo hupigi hapa hata jiwe!"

Watu wakacheka. Mzee, ambaye tangu jeshini hakuwahi kufokewa na mtu, alisimama wima.

"Nimekuletea mwanafunzi," akasema.

Ofisini akamweleza yaliyompata Dell. Bi Pruitt akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mzee wangu. Nilikufokea mbele za watu bila kujua."

"Usiombe radhi. Ungelinyamaza, ningelikuwa nimekwisha kwenda zangu."

Bi Pruitt akamuuliza jina la mtoto, umri wake, simu ya mama yake, akayaandika yote. Kisha akainua macho.

"Kuna mtu yeyote usiyetaka akaribie mstari mtoto akiwa hapa?"

"Yupo. Yule aliyeigusa bunduki siku ile."

"Nimzuie hata akija na heshima zake?"

"Hasa akija na heshima zake."

Bi Pruitt akamsogezea karatasi na kalamu. "Niandikie jina lake."

Dirishani Maylene alionekana amekaa juu ya boneti ya gari, akipunga mkono. Mzee Orville akautoa mkono wa kulia mfukoni, akaishika kalamu, na kwa hati nzuri ya shule za zamani, bila haraka, akaandika jina lake mwenyewe.