Nafasi ya Kilimani

Kila mafuriko yalipoingia mjini, mahema na mablanketi ya msaada yalilowa kabla hayajamfikia mtu, kwa sababu ghala lilikuwa bondeni, kando ya barabara. Safari hii Mhandisi Shomvi alitumwa kulitafutia mahali pengine. Alizunguka mji mzima, akaishia makaburini. Watu wa pale walizika juu kilimani ili maji yasiwaguse wafu wao. Wenyewe wakaishi chini.

Kigingi cha mwisho cha kupimia kiwanja cha ghala alikipigilia ndani ya nafasi tupu iliyozungushiwa mawe meupe, ubavuni mwa kaburi. Bi Mwanahawa, aliyekuwa akilipalilia kaburi hilo, akainua kichwa.

"Hapo ni pangu, mwanangu. Huyu ni mume wangu. Kwetu mmoja akitangulia, mwenzake huwekewa nafasi."

Shomvi aliona haya, akainama kukichomoa kigingi.

"Samahani, mama. Nitalisogeza ghala."

"Utalisogeza wapi? Huko chini?"

Bi Mwanahawa aliyatazama mapaa ya bati bondeni, kisha akalitazama kaburi kwa muda, kama anayeomba ruhusa.

"Kiache," akasema.

Akaanza kuyang'oa yale mawe meupe, moja moja, akiyatia kwenye kanga. La mwisho akaliweka juu ya ramani ya Shomvi, iliyokuwa ikipeperushwa na upepo.

"Ila mlango uuelekeze huku," akasema, mkono juu ya kaburi. "Nikija kuchukua blanketi, nimpitie."