Kona ya Honi

Tangu mume wa Nyamizi agongwe na lori pale konani, kila dereva aliyepita alipiga honi. Walisema ni kuwatahadharisha wanaokuja, na pia kumsalimia marehemu. Nyamizi, huko jikoni kwake, aliitikia kila honi: "Amesikia."

Sasa kona ilikuwa inapanuliwa. Mtambo ulitambaa polepole, ukitafuna lami kuukuu mbele na kuilaza upya nyuma, bila ule moshi mweusi wa mapipa ya lami. Nyamizi aliufuata kwa miguu asubuhi nzima.

"Hii ya zamani mnaipeleka wapi?" alimuuliza msimamizi, Kasiga.

"Haiendi popote, mama. Tunaisaga, tunaichanganya, tunairudisha hapa hapa. Kokoto mpya hatuchimbi, na moto wa kuni hatuwashi."

"Hata ile ya pale?" Alionyesha kwa kidole mahali mumewe alipogongwa.

Kasiga alipatazama. Naye, kila alipopita pale, alikuwa akipiga honi.

"Hata ile."

Nyamizi akainama, akaigusa lami mpya. Ilikuwa na joto, lakini si la kuunguza.

"Na honi je?"

"Kona imefunguka, mama. Dereva anaona mpaka kule mtoni. Hana sababu tena."

Alasiri waliondoa vizuizi. Gari la kwanza, pikapu ya maziwa, likatokea kule mtoni, likionekana lote. Nyamizi, aliyekwisha kurudi nyumbani, akazima redio yake, akasimama mlangoni, midomo yake imeachana, tayari kuitikia honi.