Mbuni na Maparachichi ya Ng'ambo

Mbuni alijivunia mbio zake. Siku ya kupeleka maparachichi bandarini yasafirishwe ng'ambo, alimkuta Punda na mzigo wake kwenye foleni ya mkaguzi wa mazao. Akamcheka, akapita mbio hadi gatini.

"Cheti cha ukaguzi kiko wapi?" akauliza Kaa, karani wa forodha.

"Cheti cha nini, bwana? Huoni nimefika wa kwanza?"

"Meli haipakii mbio, ndugu yangu. Rudi ukakaguliwe."

Mbuni akarudi, akakuta foleni imefika barabarani. Alipopata cheti siku ya tatu, meli ilikwisha ondoka na mzigo wa Punda, na maparachichi ya Mbuni yalikuwa yameiva hadi kupondeka. Akaketi gatini, akayala akijicheka.

"Karibu tule, karani," akasema. "Maishani mwangu sijapata kuchelewa kwa mbio namna hii."